Pesa za mtoto wa bweni: kwa nini sitaandika programu hiyo

Wiki iliyopita alinijia jirani yangu mmoja hapa Nakuru na ombi ambalo kwa kawaida ningelishangilia. Ana kijana wa miaka 16 aliye shule ya bweni, na pesa za matumizi haziishi kuisha kabla ya wakati. Alitaka nimwandikie programu ya simu. Aingize alichompa kijana, aone kila shilingi inakokwenda, na simu impigie kengele kijana akivuka kiwango. Alikuwa tayari kulipa! Alikuwa hata amechora kwenye karatasi jinsi anavyotaka ionekane, na duara lililokatwa vipande vya rangi kama chapati.

Nilikataa, naye hakupendezwa. Nilimjibu kwa haraka pale langoni, mvua ikianza kunyesha, kwa hiyo sidhani kama alinielewa. Na kwa kuwa najua miongoni mwenu mnaonisoma wamo wazazi, wajomba, shangazi na kaka wakubwa wenye wazo kama lake, naona nieleze kwa kirefu. Chukua chai, ndugu msomaji, leo nitaongea.

Kwanza nikiri jambo. Programu hiyo nilishaiandika, mwaka 2023.

Dada yangu anafanya kazi katika shamba la maua Naivasha. Binti yake alipoingia kidato cha kwanza mwaka huo alipata nafasi katika shule moja ya bweni upande wa Londiani. Tukakubaliana kwamba mambo ya safari na pesa za matumizi nitayashika mimi, kwa sababu Nakuru iko njiani na zamu za dada hazimpi nafasi. Binti anatoka Naivasha, analala kwangu, asubuhi nampandisha matatu inayoelekea Kericho, anashuka makutano ya Londiani na kumalizia kwa boda boda. Alikuwa na miaka 14.

Mimi nikiona tatizo, mkono unakimbilia kibodi kabla kichwa hakijafika. Nilikaa jioni mbili nikaandika kitu kizuri, na ingawa mwamba ngoma huvutia kwake, kilikuwa kizuri kweli. Kilikuwa na vifungu vitano: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, sabuni na mahitaji ya msichana, kantini, na dharura. Kiligawa pesa kwa wiki za muhula, kikapaka rangi ya kijani kifungu kilichotimia na nyekundu kilichopungua. Na ndani kabisa ya msimbo, mstari wa 12 au 13 hivi, niliandika kwamba nauli ni 250.

Bei hiyo niliipata steji, Jumanne moja saa 4 asubuhi, wakati makanga wanabembeleza abiria na matatu inajaa kwa saa nzima. Nikaongeza 50 ya tahadhari nikajiona mtu mwenye busara. Mwanzoni mwa Mei, muhula wa pili ulipofunguliwa, niliweka 300 kwenye bahasha, nikaandika juu yake KURUDI, nikampa.

Sasa kumbuka kilichotokea nchini kati ya Mei na Agosti 2023. Kuanzia tarehe 1 Julai ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Petroli Nairobi ikatoka shilingi 182.04 kwa lita hadi 195.53 (na Septemba ikafika 211.64, lakini hiyo ilikuja baadaye). Mimi habari hiyo niliisoma siku ileile ilipotangazwa. Niliilalamikia kama kila mtu. Kufungua programu na kubadilisha namba 250 hakukunijia akilini hata mara moja. Binti naye alikuwa ndani ya geti la shule, hana gazeti wala simu, na bahasha yake ya Mei.

Siku ya kufunga shule mwezi wa Agosti, saa 12 na robo jioni, simu yangu ikaita. Namba siijui.

"Anko, ni mimi. Niko Salgaa."

Kwa msiojua barabara zetu: Salgaa ni kituo cha malori kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret na Kericho, kabla hujafika njia panda ya Mau Summit. Malori yanayokwenda Uganda na Rwanda hulala pale, mstari kwa mstari. Kipande kile cha barabara kina historia mbaya. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa pale Migaa, karibu na hapo, basi lilipogongana na lori. Watu wema wapo Salgaa, wengi. Lakini si mahali pa msichana wa miaka 14 mwenye sanduku la bati, giza likiingia.

Ilikuwaje? Makutano ya Londiani makanga walitaka 400. Yeye alikuwa na 200. Aliziacha matatu tatu zipite akidhani ya nne itashuka bei, nayo haikushuka. Mwishowe mmoja akakubali kumbeba kwa hizo 200, lakini hadi Salgaa tu. Akapiga hesabu kwamba akifika Salgaa atakuwa amekaribia Nakuru, na palipo karibu nauli ni ndogo. Kwa ramani alikuwa sahihi. Kwa mfuko, alishuka akiwa na sifuri.

Dereva mmoja wa lori alimwambia apande, yeye anaelekea Nakuru hata hivyo. Huenda alikuwa mtu mzuri mwenye mabinti wa umri huo nyumbani. Sipendi kukaa na hiyo huenda kwa muda mrefu. Binti alimshukuru, akavuka barabara, akamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na chapati kwenye kibanda, akamwomba simu. Bahati nzuri namba yangu alikuwa ameikariri. Sikumfundisha mimi kuikariri.

Nilimtumia mama yule 500. Kutuma kulinigharimu shilingi 7, na yeye angeenda kuzitoa kwa wakala angekatwa 29, lakini hakwenda. Alichomoa noti kwenye mkebe wake wa mauzo akampa binti, akamwandalia chai, akampandisha matatu kwa mkono wake, kisha akanisomea namba ya gari kwenye simu kama askari wa trafiki. Saa 2 kasorobo binti alikuwa sebuleni kwangu.

Nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Bahasha ilikuwa na 300 na yeye alikuwa na 200. Mia moja imekwenda wapi? Imekwenda kwa rafiki yake wa bwenini anayekaa upande wa Kisumu, ambaye pesa zake kutoka nyumbani hazikufika. Walikuwa wamechanga wasichana wanne ili mwenzao asilale shuleni. Nikafungua mdomo kuanza hotuba. Akaniambia kwa upole, macho chini, kama anavyozungumza na mkubwa:

"Lakini Anko, hata ningekuwa nayo hiyo mia, ingekuwa mia tatu. Wao walitaka mia nne."

Hotuba ikaishia hapo. Usiku ule nilifungua programu yangu. Kila kifungu kilikuwa kijani. Nauli ya kurudi: 300, imetengwa. Programu haikuwa na kosa lolote, ilifanya sawasawa nilivyoiamuru. Aliyekuwa na kosa ni aliyeandika kwamba nauli ni 250.

Na hapa ndipo ninapotaka kuongea na jirani yangu, na na nyinyi.

Sisi watu wa programu tunapenda dunia ambayo bei imeandikwa mahali. Nauli ya matatu haijaandikwa mahali. Inatamkwa mlangoni, kila safari upya. Siku ya kufunga shule inapanda, na ukiuliza watu kwa nini watakuambia ni tamaa. Tamaa ipo, sikatai. Lakini fikiria gari lenyewe: siku hiyo abiria wote wanaelekea upande mmoja. Matatu inatoka Londiani imejaa masanduku na magodoro, kisha inarudi tupu kuchukua wengine. Aliyeketi ndani analipia na ile safari tupu. Zamani wangewashindilia watu 20 humo. Tangu Februari 2004, zilipoanza kutumika zile kanuni tunazoziita za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, matatu ndogo inapaswa kubeba abiria 14 na kila mmoja na mkanda wake. (Usicheke, nimesema inapaswa.) Viti vikiwa vichache na watu wengi, kinachobaki kusogea ni bei.

Kuna watu wenye akili na pesa kuliko mimi walioingia kwenye jambo hili na kushindwa. Mwaka 2013 Google pamoja na Equity Bank walileta BebaPay: kadi unayoigusisha kwenye simu ya makanga, nauli inakatwa, risiti inakuja kwa ujumbe mfupi. Ilikuwa kazi safi ya kiufundi. Serikali nayo ikaagiza matatu ziache kupokea noti ndani ya mwaka 2014. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, mwishowe tukarudi kwenye noti zetu. BebaPay ilifungwa 2015. Ni rahisi kuwalaumu makanga. Lakini noti zile zilizokunjwa kati ya vidole vya makanga ndizo zinazonunua mafuta saa 8 mchana, ndizo zinazolipa steji, ndizo zinazojumlishwa jioni kufikia kile anachodai mwenye gari. Kadi ilikuja na wazo kwamba pesa inatoka kwa abiria na kwenda benki. Katika matatu pesa inazunguka ndani ya gari siku nzima kabla ya kwenda popote.

Au chukua ramani. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, wenye watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, ulichapisha ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu za Nairobi. Waliziandika kwa mtindo wa GTFS, ule ule unaotumiwa na miji mingi duniani kuingiza mabasi kwenye ramani za simu. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini fungua maelezo ya GTFS uone sehemu ya nauli: kuna kisanduku cha bei. Namba moja, na sarafu yake. Aliyeibuni alitoka kwenye mji ambao nauli imebandikwa ukutani. Kumbe sikuwa peke yangu na ile 250 yangu.

Jambo la pili ni simu yenyewe. Jirani yangu anasema, kama kijana angekuwa na M-Pesa mambo haya yangekwisha. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu mwanzo ilitaka kitambulisho, na kitambulisho hupati kabla ya miaka 18. Kwa miaka mingi, nchi nzima ikitumiana pesa kwa vidole, vijana wa sekondari walibaki kisiwani na sarafu zao. Mwaka 2022 Safaricom ilileta M-PESA Go kwa watoto wa miaka 10 hadi 17, chini ya laini ya mzazi. Wakati wa likizo ni jambo jema sana. Mpwa wangu akitoka kwangu kwenda kwa mama yake Naivasha, nikisahau kitu namtumia.

Lakini shuleni simu haziruhusiwi. Mtandao wa pesa unaosifiwa duniani kote unaishia getini, pale askari anapopekua sanduku. Kwa wiki zote za muhula mtoto anarudi mwaka 2006. Kisha siku ya kufunga anatolewa nje ya geti, bila simu, hadi barabarani, kwenda kubishana bei na watu wazima. Yaani saa ile ambayo kwa kweli anaihitaji programu ya jirani yangu ndiyo saa ambayo hana pa kuifungulia. Atakayeiona ni baba, ofisini, ikiwa kijani.

Basi tulifanya nini? Tulinunua daftari la kurasa 48.

Likizo ileile ya Agosti 2023 nilimwambia: muhula ujao sitapanga mimi, utapanga wewe, mimi nitauliza maswali tu. Alikaa na daftari siku mbili. Ukurasa wa kwanza hakuandika sabuni wala kantini. Aliandika nauli, na mistari mitano wima: tarehe, kutoka, hadi, walitaka ngapi, nililipa ngapi. Akajaza zote alizokumbuka, na aliporudi shuleni akaenda kwa wasichana wa kidato cha nne wanaopita njia yetu akawauliza walilipa ngapi kila walipofunga. Wasichana wale wanakumbuka! Akarudi Novemba na bei kumi na kitu za siku za kufunga na kufungua. Nimewahi kulipwa kukusanya data iliyo duni kuliko ile.

Kutoka ukurasa ule akatoa kanuni yake mwenyewe: bahasha ya kurudi iwe na bei ya juu kabisa iliyowahi kutokea kwenye daftari, na 200 juu yake. Bahasha hiyo haikai bwenini kwa sababu masanduku hufunguliwa, na kila aliyesoma bweni analijua hilo. Inakaa kwa mwalimu wa darasa, imefungwa kwa gundi. Haikopeshwi. Mikopo ya marafiki inatoka kwenye pesa za kantini, ambako ukikosea unakosa mandazi tu. Na namba za simu za kukariri ziwe tatu badala ya moja. Ya tatu akaamua iwe ya mama wa Salgaa.

Mimi niliongeza kanuni moja, na ndiyo iliyoniletea vita nyumbani. Kinachobaki kwenye bahasha baada ya safari ni chake. Sihesabu wala siulizi.

Dada yangu alikasirika. Hebu nimtendee haki, maana hoja yake si ya kipuuzi. Anasimama saa nane kwa siku akikata na kufunga maua yanayokwenda Ulaya, na kila shilingi ya bahasha ile imepita mgongoni mwake. "Unamfundisha kuficha," aliniambia. "Mtoto akishazoea kuwa na pesa isiyoulizwa, kesho utamuuliza nini?" Pia akasema, na hili lilinichoma, kwamba mimi sina mtoto, kwa hiyo ukarimu wangu ni wa kukopa.

Jibu langu ni hili, na ndilo ningempa pia jirani yangu. Kabla ya kanuni hiyo binti alikuwa na sababu gani ya kubishana na makanga? Akilipa 400 au 300 kwake ilikuwa sawa, pesa ni ya mama. Akirudi na salio, linachukuliwa. Akirudi na upungufu, anagombezwa. Katika mpango kama huo mtoto mwenye akili timamu anajifunza jambo moja tu, kumaliza kabla ya kufika nyumbani. Tunalaumu vijana kwa ufujaji tuliouandika sisi wenyewe kwenye masharti. Muhula wa tatu 2023 binti alisubiri shuleni hadi wimbi la kwanza la magari lilipopita, akapanda saa 5 badala ya saa 2, mchana kweupe, akalipa 300. Bahasha ilikuwa na 600. Akabaki na 300 yake halali. Bila kuamriwa na mtu, alinunua mkoba wa kubebea vitabu pale sokoni, na hadi leo anausifu kama gari.

Programu ya jirani yangu ingefanya kinyume cha haya. Ingemwonyesha baba kila shilingi, na kijana angejifunza kufanya jedwali lipendeze. Nimefanya kazi kwenye kampuni za watu, najua jinsi mtu mzima anavyojaza jedwali linalosomwa na bosi. Sembuse kijana wa miaka 16!

Nisije nikakudanganya kwamba daftari ni dawa. Muhula wa tatu 2024 alichangia keki ya siku ya kuzaliwa ya rafiki kwa pesa nyingi kupita kiasi, akakaa wiki tatu bila sukari ya uji wala sabuni ya maana. Aliniandikia barua. Barua ya karatasi, yenye stempu! Sikutuma kitu, isipokuwa pedi, ambazo kwangu haziko kwenye bajeti ya mtoto na sitaki kusikia mjadala juu ya hilo. Ilinisumbua kuliko ilivyomsumbua yeye. Dada akanicheka: sasa umeona.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Aprili 2024, na lazima niieleze. Mnakumbuka zile mvua. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29 kwa muhula wa pili. Majirani wengi walisafirisha watoto Jumapili. Mpwa wangu alitazama ukurasa wake wa nauli akaniambia Jumapili ya kufungua ndiyo siku ghali kuliko zote kwenye daftari, na barabara zimejaa maji, tusubiri Jumatatu asubuhi, akichelewa ataeleza. Nilisitasita, kisha nikakubali. Usiku wa kuamkia Jumatatu wizara ikatangaza kwamba kufungua kumeahirishwa kwa wiki moja. Alfajiri hiyohiyo mafuriko yakaporomoka Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Tulikaa tukimpigia dada simu Naivasha hadi alipopokea. Kisha kufungua kukaahirishwa tena, bila tarehe, hadi shule zilipofunguliwa tarehe 13 Mei.

Kuna kijana wa mtaani kwetu aliyesafiri Jumapili ile, akarudishwa Jumanne, akaenda tena Mei. Nauli tatu za msimu wa mvua kabla ya somo la kwanza. Baba yake alikuja kukopa kwangu. Sisi tulilipa mara moja. Nitasema kweli, bahati ilikuwa nusu ya jambo hilo. Binti hakutabiri tangazo la wizara. Nusu nyingine ni kwamba kwenye daftari lake nauli ilikuwa kitu kinachopanda na kushuka kwa siku, kwa hiyo aliiuliza siku swali. Programu yangu isingeuliza. Kwake Jumapili na Jumatatu zote zilikuwa 250.

Kama ningeandika programu leo ingekuwa ya ukurasa ule mmoja tu. Wazazi na wanafunzi wa njia zetu, Molo, Njoro, Ravine, Nyahururu, Kericho, waweke bei waliyotajiwa siku za kufunga na kufungua, kwa ujumbe mfupi wa simu ya mulika mwizi, bila intaneti. Ma3Route ilianza mwaka 2012 kwa kuwafanya wasafiri wa Nairobi kuambiana hali ya barabara, kwa hiyo najua watu wakiona faida huandika. Mkuu wa shule akiona kwamba watoto wake 200 wa upande wa Nakuru walitajiwa 400 kila mmoja, anaweza kukaa na wenye magari wiki mbili kabla na kukodi kwa bei inayoeleweka, ikiwemo ile safari tupu. Hiyo ningeiandika bure. Lakini haimwonyeshi baba alichonunua kijana kantini, kwa hiyo sijui nani ataitaka.

Ile 100 ya rafiki wa Kisumu ilirudishwa Septemba 2023. Imeandikwa kwenye daftari la kwanza na kupigiwa mstari. Sasa wako daftari la tatu. Darasa lao ni la KCSE 2026, na kabla hajamaliza nimemwomba aniachie lile la kwanza.

Jirani jana alinisimamisha tena langoni, bado na ile karatasi yake ya chapati. Nimemwambia amlete kijana Jumamosi, mpwa wangu atakuwa nyumbani, na aje na kalamu. Anasoma upande wa Eldama Ravine, na huko hatuna bei hata moja.